Darasa la Kona Tano

Darasa nililosomea kidato cha kwanza lilikuwa na kona tano. Mwaka jana, kabla halijavunjwa, nilizihesabu tena kwa kidole mbele ya binti yangu. Hakuniamini. Akazihesabu yeye mwenyewe, moja hadi tano, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Shule yenyewe iko huku kwetu Chanika. Kabla haijakuwepo, mtoto aliyefaulu darasa la saba alipelekwa sekondari ya njia ya Ukonga, akiondoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi magharibi. Wazazi wakachoka. Wakakubaliana na serikali: wao wachimbe msingi na kusimamisha kuta, serikali iezeke. Jumamosi moja wakajitokeza wote, wamejigawa pande mbili. Bondeni zilikuwa familia zilizotoka kusini, wachonga vinyago na wachuuzi. Juu walikuwa watu wa bara, makarani na walimu walionunua viwanja karibuni. Walitaniana tangu asubuhi kwamba upande mwingine haujui kushika jembe.

Fundi alipigilia vigingi, akafunga kamba ya kuonyesha mstari wa msingi, akaenda kufuatilia saruji. Aliporudi, Bondeni walikuwa wanachimba kutoka mwisho huu wa ukuta mrefu, Juu kutoka mwisho ule, udongo unaruka, watu wanazomeana. Kamba haikuwepo. Walikuwa wanachimba kwa macho, kila upande umeegemea nje kidogo, na walipokutana katikati mtaro ulikuwa umepinda kama kiwiko.

Fundi alishika kichwa. Alitaka wafukie waanze upya. Lakini zege lilikuwa limeshachanganywa, na mtendaji wa wakati huo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akapanda juu ya kifusi akauliza, "Imeandikwa wapi kwamba darasa lazima liwe na kona nne?" Wakamwaga zege.

Mie niliingia humo mwaka uliofuata. Kwenye kile kiwiko lilitosha dawati moja, penye dirisha na upepo, na tuliligombania. Tulipaita Kigamboni, kama ule mji wa ng'ambo ya bandari. Mwalimu wa hesabu alipofika kwenye pembe butu hakuchora kitu ubaoni, alionyesha ukuta tu.

Mwaka jana ukuta ule ulikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Kwenye mkutano wa wazazi, mkuu wa shule alisimama na karatasi moja akasema mambo mawili. La kwanza, fedha za madarasa manne mapya zimefika, ila msingi tutachimba sisi, kama zamani. La pili, wanafunzi wa kidato cha kwanza ni wengi. Madarasa yasipokuwa tayari shule zikifunguliwa Januari, nusu yao watapelekwa njia ya Ukonga. Binti yangu alikuwa darasa la saba. Niliwaza saa kumi alfajiri, na barabara ile, na yeye.

Mkutano mzima ulilipuka kwa kelele, wala si za huzuni. "Bondeni tupo!" mtu akapiga ukelele. "Mpo, ila kamba msiguse!" wakajibiwa kutoka upande wa pili. "Kamba mlifungua nyie!" "Sie? Baba yangu alikufa anasema ni nyie!"

Ugomvi huo nimeukuta tangu utoto. Nimewahi kumuuliza karibu kila mtu mzima wa mtaa huu nani alifungua kamba, na nikaandika majibu yao kwenye daftari. Bondeni wote wanasema ni Juu. Juu wote wanasema ni Bondeni.

Siku ya kuchimba nilifika mapema. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamewekwa walinzi wa kamba, wamesimama wima kama askari wa lango, na watu walikuwa wanapita kuwapigia saluti. Nikaenda kusalimia wapishi nyuma ya ofisi. Bibi mmoja aliyepika siku ile ya kwanza alikuwepo, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo unishikie ungo."

Nikaushika. Akawatazama wale walinzi kwa muda, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Wanalinda nini wale?"

"Kamba, bibi. Isije ikafunguliwa tena."

"Ah! Kamba niliifungua mie."

Niliacha ungo ukainama, mchele ukamwagika kidogo. Akanipiga kofi la mkononi, akaendelea. "Jua lilikuwa linapiga kwenye masufuria, turubai linapepea kila saa. Nikaona kamba nzuri, nyeupe, imefungwa kwenye vijiti wala haifanyi kazi. Nikafungia turubai langu."

"Bibi! Mbona miaka yote hukusema?"

"Nani aliniuliza? Ulikwenda na daftari lako kwa wenye majembe. Na wale walikuwa wanagombana, wanafurahi. Mie niwaharibie? Pilau si walikula?"

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Niliwatangazia wote mtaroni. Kisha mzee mmoja wa Juu akamshika mkono mzee wa Bondeni, wakaenda hadi jikoni wakasimama mbele ya bibi. Yeye akawauliza, "Mnataka nini, chakula bado." Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Msingi ukachimbwa siku hiyo hiyo, umenyooka, fundi wa safari hii akaupima mara mbili na hakupata kosa.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio. Kuta, linta juu ya madirisha, kenchi za paa, bati. Jioni nikitoka kazini nilipitia pale kabla ya kufika nyumbani, na kila siku kulikuwa na kitu kipya cha kumsimulia binti yangu. Matokeo yakatoka, amefaulu. Tukashona sketi. Wiki iliyopita mhandisi wa halmashauri alikuja, akagonga kuta, akafungua na kufunga kila mlango, akayapitisha madarasa yote manne.

Halafu akauliza vyoo vya wasichana viko wapi.

Shimo tulikuwa tumelichimba, mvua ikalijaza, likaachwa. Mhandisi akaandika kwamba wavulana waanze, wasichana wasipokelewe mpaka vyoo vikamilike; visipokamilika, wapelekwe njia ya Ukonga. Hatukulala sana wiki hii. Tulivuta maji kwa ndoo, akina mama wakiwa mbele, tukajenga shimo na vyumba vya vyoo kando yake, na jana Alhamisi tukamwaga zege la kulifunika. Leo tunalimwagilia maji kwa zamu ili likomae. Fundi anasema linahitaji siku zaidi. Mkuu wa shule, nilipomuuliza kama Jumatatu wasichana watapokelewa, alisema, "Mama, mimi si mhandisi," akaangalia pembeni.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mhandisi ameahidi kufika saa moja asubuhi kukagua vyoo. Kwenye ubao wa matangazo kuna orodha mbili za kidato cha kwanza, ya hapa na ya njia ya Ukonga, na jina la binti yangu limo katika zote mbili.