Gari Lililokula Zizi

Juma lililopita nilikuwa mjini Meru, nimesimama nje ya duka la dawa nikimngojea mama anunue tembe zake za presha. Gari moja kuukuu, refu na jeusi, likapita polepole katikati ya tuktuk, likaacha nyuma moshi wenye harufu ya oili iliyoungua. Mama alipotoka alilitazama mpaka likapinda kona. Alinishika mkono tukaenda zetu. Lakini mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimeshasafiri mbali: niko kijijini kwetu Kiirua, bado mtoto wa shule ya msingi, na pua yangu imejaa harufu hiyo hiyo.

Acha nikueleze boma letu lilivyokuwa kabla. Baridi ya kwetu asubuhi ilikuwa inauma vidole. Nilikuwa nikiamshwa na maziwa yakigonga ndoo, sauti kali kwanza, kisha nzito kadiri ndoo ilivyojaa, kwa maana zizi la mama lilikuwa na ng'ombe wa kutosha. Tulikunywa chai nzito iliyonukia moshi wa kuni, tukala mukimo wa jana, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, uliopashwa moto, au viazi vilivyochomwa jivuni, vya kubanduliwa maganda huku vikituunguza. Dada yangu, kifungua mimba, alikuwa akinisuka nywele nikiwa nimeketi katikati ya magoti yake, akinichekesha ili nisilie. Baba alikuwa dalali wa viazi. Alinunua shambani kwa watu, akapakia pikapu yake, akauza mjini. Pikapu hiyo ilikuwa na sura mbaya na mlango uliofungwa kwa kamba, lakini haikuwahi kutulaza njaa.

Halafu baba akaiuza, akaja nyumbani na gari la kifahari alilouziwa na mkubwa mmoja mstaafu. Lilikuwa na viti vya ngozi rangi ya maziwa, mbao zinazong'aa mbele, na saa ndogo ambayo haikuwahi kusonga. Bei ilikuwa rahisi mno. Majirani walijaa uani. Nyanya, mama yake baba, alilizunguka akiegemea mkongojo wake, kisha akasema, "Huyo mkubwa hakukuuzia gari, mwanangu. Amekuuzia ugonjwa wake."

Baba alicheka. Sote tulicheka.

Asubuhi ya pili tulilikuta limelala tumbo chini kama ng'ombe anayecheua. Gari hilo halikuwa na springi kama magari ya watu. Lilibebwa na mifuko ya hewa, na mifuko ilikuwa imepasuka. Fundi aliitwa kutoka mjini. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye kofia nyekundu, na alipenda sana chai ya mama. "Mzee," akasema, "hii gari haitaki spea feki. Ukiiwekea feki itakuaibisha barabarani." Neno aibu lilimwingia baba kama sindano. Spea ikaagizwa Nairobi, na ng'ombe wa kwanza akatoka zizini.

Baada ya mifuko ikaja pampu ya mifuko. Baada ya pampu, giaboksi. Kisha kompyuta ya gari, kitu ambacho hatukujua hata kama magari yanacho. Kila ugonjwa ulikuwa na mnyama wake. Fundi alipoonekana langoni, mama alikuwa akienda kusimama zizini, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja, kama anayechagua nani aende. Na baba, bila pikapu, hakuwa na cha kubebea viazi. Kuviweka juu ya viti vile vya ngozi? Afadhali angevibeba mgongoni. Siku moja nyanya alishikwa na kifua vibaya, akaomba apelekwe hospitali. Baba alitandika gunia la nailoni kwenye kiti kwanza, asije akakitapikia. Nyanya alilitazama lile gunia, akageuka, akapelekwa na jirani kwa bodaboda. Alipona, lakini hakuligusa tena gari hilo hata kwa mkongojo.

Lakini Jumapili ndizo ninazozikumbuka zaidi. Kufikia wakati huo gari halikuwaka bila kusukumwa. Tulitoka na nguo za kanisa, mama na viatu vyake vya kisigino kifupi, dada, na mimi, tukaliinamia kwa nyuma. Baba alikaa mbele na tai shingoni, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. "Sukumeni!" Tukasukuma mpaka kwenye mteremko, likakohoa, likawaka, likatutapikia moshi usoni. Na likishawaka, halikusimama, maana likisimama linazima. Kwa hiyo baba alikwenda kanisani kwa gari, sisi tukamfuata kwa miguu. Tulimkuta amelipaki mahali pa kuonekana na kila mtu, analifuta kwa kitambaa. Waumini walimsalimu yeye kwanza. Sisi walitutazama viatu.

Dada alipochumbiwa, mama alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, mwenye kipaji cheupe cha uso, na alikuwa amemwahidi dada aanzie maisha naye. Baba akasema mtoto wake hataenda kuolewa kwa gari la kuazima. Mama alipiga magoti. Nilimwona kwa macho yangu, amepiga magoti kwenye matope ya zizi.

"Baba watoto, mwachie msichana ng'ombe huyu mmoja tu."

"Unataka nichekwe na wakwe?" baba akauliza. Yule mwenye kipaji akatoka pia.

Siku ya harusi gari liling'aa. Lilifungwa riboni, likawaka bila kusukumwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapanda, mimi na dada nyuma, gauni lake jeupe likijaza kiti chote. Nilifurahi, siwezi kukudanganya. Lakini kwenye mwinuko kabla ya mji likatetemeka, likazima. Gari la wakwe lililokuwa nyuma likasimama, mjomba wa bwana harusi akashuka akasema kwa upole, "Mzee, acha bibi harusi aingie kwetu. Wakati unaenda."

"Haiwezekani," baba akajibu. Kisha akatugeukia. Hakumtazama dada usoni. "Shukeni, sukumeni kidogo tu."

Dada alishuka. Alikusanya gauni lake kwa mkono mmoja, mkono wa pili akauweka kwenye buti la gari. Wakwe walikuja mbio kusaidia, wakaligeuza liangalie mteremko. Vijana wa bodaboda walitoa simu zao wakapiga picha na video, wengine wakishangilia. Tulisukuma. Likawaka kwa kishindo, moshi mweusi ukatoka, ukamgonga dada kuanzia kifuani hadi usoni. Na baba akaondoka. Aligeuza huko chini, akatupita kwa kasi akipiga honi, mikono yote kwenye usukani, kwa kuwa likisimama litazima.

Alifika kanisani peke yake. Kwaya ilipoona riboni ikaanza kuimba. Baba alishuka, akajiweka sawa koti, akafungua mlango wa nyuma kwa madaha mbele ya umati mzima, na ndani hamkuwa na mtu.

Dada, aliyeletwa na gari la wakwe, aliolewa na gauni jeusi kifuani. Video yake ilizunguka kwenye simu za Kiirua mpaka watoto darasani wakawa wananiigizia. Hakulia siku hiyo, wala hakurudi nyumbani tena. Gari lilikatwakatwa likauzwa kama vyuma chakavu, na fundi hatukumwona tena.

Zizi sasa ni nguzo zilizooza. Mama hununua maziwa ya pakiti dukani, akiyahesabia matone. Nyanya alikwisha kufa. Kila Jumapili jioni dada hupiga simu, na mama huiweka kwa sauti kubwa. Baba, ambaye sasa ni mzee wa kweli, huvuta kiti chake karibu. Dada huuliza habari za kuku, za miguu ya mama, za jirani, kisha huaga bila kumtaja baba.

"Ameuliza nini?" baba husema, ingawa amesikia yote.

"Ameuliza kama mvua imenyesha," mama humjibu, na kuzima simu.