Pembe Mbili Chini ya Kuba

Magoti ya Bi Nta yaliijua ile sakafu kuliko nyayo zake. Miaka ishirini na sita aliisugua na kuipaka nta, mraba mweusi, mraba mweupe, kutoka mlango mkubwa hadi chini ya ngazi za marumaru. Ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo, nalo likamganda. Lakini asubuhi hii aliingia Jumba la Jiji akiwa mgeni, amevaa viatu vya kutokea, tiketi mkononi, na binti wa marehemu dada yake amemshika kiwiko.

"Mama mdogo, mbona unatembea pembeni pembeni?" binti akamwuliza. "Katikati pana zulia."

"Katikati ni pa wakubwa. Sisi tulipita ukutani."

"Leo una tiketi. Mkubwa ni wewe."

"Tiketi haiondoi mazoea, mwanangu."

Binti akacheka. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa miaka arobaini, mwenye mikono ya haraka na maneno ya moja kwa moja. Alishangaa mno juma lililopita Bi Nta alipompigia simu na kumwambia jumba limefunguliwa tena baada ya matengenezo ya miaka minne, twende tukalione. Huyu ni yule yule mama mdogo ambaye, tangu astaafu, alikuwa radhi azunguke mitaa mitatu ili asipite mbele ya jumba hilo. Bi Nta hakumwambia sababu. Alikuwa na jambo moja la kumwambia, jambo la miaka thelathini na moja, na hakuwa na moyo wa kulisema akimtazama usoni. Alitaka ukuta umsemee.

Wageni walikuwa kama ishirini. Mwongozaji wao, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko sakafu, aliwaonyesha nguzo, taa kubwa ya vioo inayoning'inia kama mvua iliyosita, na ngazi zinazogawanyika kushoto na kulia kama mikono ya mtu anayekaribisha. Juu ya ngazi, akasema, ndiko ukumbi wa muziki uliko, wenye viti elfu moja vya mahameli nyekundu na kinanda cha mabomba kinachofika darini. Saa sita kwaya ingefanya mazoezi, na wageni wote wangeruhusiwa kuketi na kusikiliza.

Bi Nta hakuangalia juu. Macho yake yalikuwa kwenye pembe mbili za ukumbi wa chini, moja kaskazini, moja kusini, kila moja chini ya mguu wa kuba.

Siri ya pembe zile hawakuijua mameya wala waimbaji. Waliijua wasafishaji. Ukinong'ona ukutani katika pembe moja, neno lako lilipanda, likaambaa na kuba, likashukia pembe ya pili sikioni mwa aliyesimama pale, laini na la karibu kana kwamba mdomo wako uko begani pake. Aliyemfundisha Bi Nta ni dada yake mwenyewe, aliyetangulia kazini. Akamfundisha na sheria yake: kabla ya kusema, gonga ukuta mara mbili kwa mpini wa brashi. Mwenzako akiwapo, atagonga mara moja. Bila kugonga, usiseme. "Ukuta hauchagui sikio," dada alikuwa akisema.

Basi wakawa wanasemezana siku nzima, mmoja kwenye nta, mwingine kwenye vitasa vya shaba. "Msimamizi anashuka, ficha kikombe." "Mwimbaji wa leo umemwona? Kifua mbele, kama jogoo aliyemeza saa."

Kisha kifua cha dada kikaanza kuharibika. Kikohozi kilimkunja katikati kama nguo. Dada akaificha hali yake kwa msimamizi, mama mmoja waliyemwita Bi Funguo kwa rundo la funguo kiunoni mwake, na ili isijulikane ilibidi Bi Nta afanye kazi ya watu wawili. Alifika mapema kung'arisha shaba za dada. Alipanda ngazi za mbao kufuta taa za dada. Nyumbani, katika chumba kimoja walichoishi wote na binti wa dada, alifua, akapika, na usiku alilala akisikiliza kile kikohozi. Miaka miwili.

Alasiri moja Bi Funguo akamkuta ameegemea ukuta wa pembe ya kaskazini, anaunyoosha mgongo.

"Shaba za dada yako unazing'arisha wewe," Bi Funguo akasema. "Unadhani mimi kipofu?"

Na Bi Nta, mgongo ukiwaka moto, kichwa kimeegemea ukutani, akajibu bila kukumbuka alipo. "Nimechoka kumbeba. Bora aende zake, nami nipumue."

Hapo ndipo aliposikia, karibu kabisa na sikio lake, ukuta ukigongwa mara moja tu. Ngo.

Saa kumi na moja alikuta aproni ya dada imekunjwa vizuri juu ya ndoo. Nyumbani alimkuta dada anafunga mizigo, binti yake wa miaka tisa ameketi juu ya begi. "Nimepata kazi mji mwingine," dada akasema. "Ya kushona. Ya kukaa." Bi Nta hakuuliza, na dada hakueleza. Zikawa zinakuja barua: hali ya hewa, masomo ya mtoto, salamu. Mwaka wa nane ikaja habari ya msiba.

Tangu siku ile Bi Nta hakuwa peke yake. Bati likipoa jioni, ngo. Jirani akipigilia msumari, ngo. Aligeuza shingo kila mara, na kila mara hapakuwa na mtu. Akazoea kuacha mlango wake wazi mchana kutwa ili mtu asipate sababu ya kubisha. Kazini, pembe ya kaskazini aliipaka nta haraka haraka kama anayekanyaga kaburi. Kulikuwa na asubuhi ambazo, jumba likiwa tupu, alisikia kikohozi kikizunguka kuba taratibu, kinatafuta pa kushukia. Hakumwambia mtu, wangesema amepandwa na mashetani. Mara moja, mara moja tu, alijipa ujasiri akagonga ukuta mara mbili. Akasubiri. Hakikuja kitu, na kile kimya kikamfuata hadi nyumbani, kikaketi naye mezani.

Tumaini lake lilikuwa moja. Alasiri ile fundi wa piano alikuwa juu ukumbini, na fundi wa piano kugonga ndiyo kazi yake. Huenda ni yeye. Huenda dada alikuwa uani anaanika matambara na hakusikia lolote, akaondoka kwa sababu zake. Lakini huenda si jambo la kulalia usingizi.

"Hebu nenda pembe ile ya kusini," akamwambia binti, wageni wengine wakiwa wanapiga picha taa. "Simama, uso uelekee ukutani, sikio karibu. Usitoke hadi nikuite."

"Nimekosa nini?"

"Nenda bwana, utasikia."

Binti akaenda huku akitikisa kichwa. Bi Nta akasogea pembe ya kaskazini. Akaweka mdomo karibu na ukuta, akasema yote. Alisema mgongo, shaba, kikohozi, Bi Funguo. Alisema yale maneno yenyewe, moja moja, bila kuyapunguza. Alisema, "Mimi ndiye niliyemfukuza mama yako." Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowanisha kola yake.

Binti akarudi anajisugua shingo. "Mama mdogo, nimesimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Sijasikia kitu. Ulisema?"

Mwongozaji, aliyekuwa karibu, akaona hapa ndipo pa kujivunia. "Zamani humu kulikuwa na kelele tupu, mama. Neno moja linazunguka kama nzi. Mafundi wameweka mbao zenye sufu nyuma ya rangi, ukuta mzima hadi kule juu. Mwangwi wameutibu kabisa."

"Wameutibu au wameuzika?" Bi Nta akauliza.

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Aligusa ukuta. Ulikuwa laini kidogo chini ya kidole, kama paji la uso la mtu aliyelala, na maneno yake yote yalikuwa humo ndani, yamefunikwa sufu, hayaendi mbele wala hayarudi.

"Ulikuwa unasema nini lakini?" binti akauliza.

Ilikuwa rahisi. Ulimi wake ulikwisha kuandaa jibu: utani tu, utani wa wasafishaji wa zamani. Kengele ililia, wageni wakaanza kupanda kwenda kusikiliza kwaya. Bi Nta akaketi kwenye kipandio cha kwanza cha marumaru.

"Nilisema hivi," akaanza. Na akayasema tena, mara hii kwa sauti, akimtazama binti machoni.

Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Mama alisikia," akasema.

Bi Nta akafumba macho.

"Aliniambia mwaka ule wa mwisho. Alikuwa pembe ya pili, anasugua kitasa. Akasema aligonga ili usiendelee. Aliogopa utasema neno la pili baya kuliko la kwanza."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii?"

"Aliniagiza, akasema: Mama yako mdogo akikuuliza, mjibu. Asipouliza, usimwongezee mzigo. Hukuuliza."

"Alinisamehe?"

"Sitakudanganya. Hakusema amekusamehe. Wala hakusema hajakusamehe. Alisema lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli, na kwamba hata yeye alikuwa amejichoka."

Kutoka juu, kinanda cha mabomba kikatoa sauti moja nzito iliyotetemesha marumaru chini yao. Mwongozaji akachungulia kutoka juu ya ngazi. "Mama zangu, milango inafungwa! Mnakosa mambo!"

Binti akasimama, akanyoosha mkono. Bi Nta hakuushika. Kulikuwa na swali ambalo hakuwahi kulithubutu, si msibani, si katika sikukuu wala katika simu za kila Jumapili, kwa kuwa aliona hana haki nalo.

"Mwisho wake ulikuwaje?" akauliza. "Na kabla ya mwisho. Mlikula nini, mlilala wapi, alicheka? Sijui hata kitu kimoja."

"Ni hadithi ndefu, mama mdogo. Miaka minane."

"Basi anza."

Juu, mlango ukafungwa na kwaya ikawa mbali. Binti akarudi kuketi kwenye marumaru, bega kwa bega naye, akavua viatu. "Siku tuliyofika," akasema, "chumba kilikuwa hakina hata pazia. Mama akavua kitenge chake, akakitundika dirishani, akaniambia…"