Meno ya Mama, Chenji kwa Chenji

Baba alimng'oa mama meno mawili ya mbele kwa ngumi moja, tukiwa mezani, na jino moja nililiokota mimi chini ya kiti. Nilikuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo mama hacheki bila kufunika mdomo kwa leso. Baba alishazikwa, na bado nikipita kaburini pake natamani kumfukua nimrudishie ngumi yake.

Daktari wa meno mjini Thika alinitajia bei nikatoka bila kuaga. Ndipo nikaweka kwenye simu ile app ya kukusanya chenji. Nikinunua maziwa ya shilingi sitini na tano, inakata sabini, na tano inakwenda kwenye akiba. Akiba yenyewe niliipa jina: Meno ya Mama. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya mwaka na nusu wa kununua sukuma wiki na sabuni, pesa zilikaribia kutosha.

Adhuhuri moja nilikuwa Mwiki, nimetoka kulipia maparachichi, vijana watatu wakanisukuma kichochoroni. Mmoja alikuwa na nondo. Walininyang'anya simu wakataka namba ya siri ya pesa, nikawapa, wakajitumia karibu kila kitu. Kisha yule wa nondo akaiona akiba.

"Na hii je? Fungua!"

"Imefungwa mpaka Desemba."

"Unatubeba ufala? Unatuona wajinga?"

Haikuwa imefungwa. Ilitaka namba yake tu, na namba niliijua. Lakini hasira ya miaka yote ilinipanda, nikawaambia, "Niueni basi." Nondo ikatua mdomoni. Walinipiga mateke ya mbavu hadi nikajikojolea, na namba sikuitoa.

Walinitupia simu, kioo kimepasuka, wakaenda zao. Nikiwa chini natema damu na meno, simu ikalia. Walipojitumia pesa zangu, app ilikata chenji kama kawaida. "Hongera! Umeokoa shilingi tano." Niliitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Nyumbani Ruiru, mama alinifungulia mlango akashika kichwa.

"Ngai! Nani amekufanya hivi?"

Nilimweleza yote, hata uongo wa Desemba. Nikamwambia pesa za meno yake zipo. Alinikalisha, akanipangusa damu kwa leso yake, mdomo wake ukiwa wazi.

"Wewe angalau ulikuwa unakatalia kitu," akasema. "Mimi ilikuwa chumvi. Nilisahau chumvi kwa mboga."