Kwa Nekesa, Kuona Vifaranga Wasioelea

Nilikwenda Nairobi kwa sababu mdogo wangu Nekesa alinipigia simu akasema vifaranga wake wa samaki wanazama. Mimi huzalisha vifaranga wa tilapia huku Sagana, na ndimi niliyempa samaki wazazi alioanza nao. Yeye na wanawake wa kanisa lake wanafuga katika matangi huko mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Lakini nisiwafiche: hata samaki wake wangekuwa wazima, ningetafuta sababu nyingine ya kwenda. Tangu mama atutoke hatujakaa pamoja, na nyumba niliyopewa kazini ina chumba kitupu ambacho hunifanya nimkumbuke Nekesa kila nikipita mlangoni.

Asubuhi tulitoka na pikapu ya kazini. Mutiso, dereva wetu, alikuwa akimpelekea mteja vifaranga mtaa wa Fedha. Tulipopita mashamba ya mananasi ya Thika aliniuliza, "Unaenda kuona samaki ama dada?"

"Samaki."

"Na hiyo blanketi mpya ni ya samaki?"

Nililisukuma blanketi chini ya kiti. Alicheka peke yake hadi tukaingia barabara ya Outering.

Fedha hatukukawia. Mteja alifungua mifuko juu ya tangi lake nyuma ya nyumba, na vifaranga wakatawanyika juu ya maji kama punje za mchele zilizopata uhai. Nilitamani Nekesa awe pale aone.

Reuben tulifika jua likiwa kichwani. Nekesa alikuja kunipokea akiwa amembeba bintiye Zawadi, ambaye bado ananyonya. Nilikuwa nimemwona kwenye simu tu. Nekesa amekonda, lakini kicheko chake sasa ni cha mama yetu kabisa, na nilipokisikia ilinibidi nijifanye natafuta kitu mkobani.

Matangi yao yako nyuma ya kanisa, kando ya kisima kirefu chenye pampu. Ng'ambo ya ukuta kuna viwanda. Nekesa alichota vifaranga kwa bilauri akainua kwenye mwanga. Walikuwa hai, macho yao meusi yaking'aa, ila wamelala chini. Mmoja alijikaza, akapanda nusu ya bilauri, akashuka tena. Wengine walikuwa wamepinda mgongo. Kile kifuko cha hewa ndani ya mwili, kinachomsaidia samaki kuelea, hakikuwa kimejaa.

"Wakitoka kwa yai wako sawa," Nekesa alisema. "Shida ni wakianza kuogelea."

"Umebadilisha chakula?"

"Chakula nimebadilisha. Hata wazazi nimebadilisha."

"Na maji?"

"Maji ni haya tu, dada. Ndiyo tunakunywa."

Jioni tulitembea hadi Makongeni, tukasimama mbele ya nyumba tulimolelewa baba alipokuwa akifanya kazi reli. Mama fulani alikuwa akianua nguo pale mama yetu alipokuwa akianua zetu. Akatuuliza tunamtafuta nani. Nekesa akamjibu kwa upole kwamba hatumtafuti mtu. Tulipogeuka nikamwambia, "Twende Sagana. Wewe na Zawadi. Kuna chumba."

Alinishika mkono tukaendelea kutembea. "Najua kipo," akasema. "Lakini hawa akina mama nilianza nao. Nikiondoka leo, wao wabaki na maji gani?"

Kesho yake Mutiso alinichukua. Nilirudi na mitungi ya maji ya kisima, na blanketi nikaliacha kwa Zawadi.

Hapa Sagana niligawa mayai ya samaki mmoja katika mabeseni mawili, moja la maji yetu na moja la maji ya Reuben, nikapeleka mengine ya Reuben kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuo, mwenye maabara, apime. Mayai yalianguliwa kote. Baada ya siku kadhaa, wa maji yetu walikuwa wanaelea. Wa Reuben wengi walikuwa wadogo, wamelala chini, baadhi wamepinda kama niliowaona kule.

Mwalimu alipata ndani ya maji kemikali zenye florini, aina inayotumika kufanya sufuria isishike chakula na kitambaa kisilowe. Alinieleza kwamba haziozi, hupenya ardhini na kukaa humo miaka mingi, na zinajulikana kuvuruga ukuaji wa samaki wachanga. Zilikotoka hakuweza kusema, wala kama ni zenyewe tu zilizowadhuru wale vifaranga.

Nilimpigia Nekesa nikamweleza yote. Nilimsikia Zawadi akigugumia karibu na simu.

"Na huyu?" aliuliza. "Nimemnyonyesha nikinywa maji haya."

"Sijui, Nekesa. Tumepima samaki tu."

Nikamwambia tena kuhusu chumba. Nilimsihi, kwa kweli.

"Leo tunafunga pampu," akasema. "Jumapili tunakutana wote baada ya ibada, halafu twende kwa chifu tuulize nani atatupimia maji, na watoto. Wewe njoo, dada. Usije kunichukua. Njoo uwaambie kama ulivyoniambia."

Nilikuwa nimesafiri nikidhani kumpenda ni kumtoa pale. Niliporudi ndipo nilipojua kwamba alichohitaji kwangu ni kusimama pale pamoja naye. Bado namtamani nyumbani kwangu kila siku. Jumapili nitakuwa Reuben.