Mtaa Ambao Hakuna Aliyeibiwa

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya takwimu, Mkuu wa Sampuli alinikabidhi kalamu za risasi na kunieleza kazi kwa kifupi. Polisi huhesabu uhalifu ulioripotiwa; sisi tunawatafuta waliodhurika wakanyamaza. Hatuwezi kugonga kila mlango, kwa hiyo tunachagua kaya chache kwa bahati nasibu, na kila moja hubeba “uzito”, yaani inasimama badala ya kaya nyingine nyingi. Alinionya kwamba nikimkosea mmoja, nimewakosea wengi nisiowaona.

Nilianza udodosaji Buguruni, kisha nikahamishiwa Kariakoo. Huko nusura nifukuzwe.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Madodoso ya mtaa mmoja yalikuwa mezani, na maswali ya wizi na kushambuliwa yamejibiwa “hapana” kaya baada ya kaya.

“Kariakoo hii, bibie, hakuna aliyeibiwa hata simu?” Hakupandisha sauti. “Haya umeyajaza ukiwa umekaa mgahawani. Nakupa siku tatu uniletee majibu ya kweli, la sivyo huna kazi.”

Sikuwa nimejaza. Niliuliza kila swali, mjumbe wa mtaa akinitambulisha nyumba kwa nyumba. Nilipokuwa nakatiza Mnazi Mmoja kurudi nyumbani, ndipo nilipokumbuka: akishanitambulisha, alikuwa haondoki.

Kesho yake nilirudi peke yangu kwa Mama Anita, jina nililompa mimi, Mchaga aliyeuza vitenge kwa jumla. Nilifunga mlango, nikamweleza kwamba nimekula kiapo. Majibu yake hayaendi polisi wala kwa mjumbe.

Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. “Ningesemaje mbele yake, dada? Aliyenikaba pale kwenye ngazi ni mpwa wake.”

Alieleza yote. Nilimwuliza hata mwezi, maana tulihesabu matukio ya mwaka uliopita tu, na machungu ya zamani hupenda kuonekana ya juzi. Alipomaliza alishusha pumzi, akanichemshia chai.

Nilizirudia kaya zote. Mkurugenzi alisoma majibu mapya akiwa amesimama.

“Nilikukosea,” alisema.

Tangu hapo ikawa amri: mjumbe atambulishe, aage, aondoke. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi.

Siku hizi ninyi wadodosaji vijana mna vishikwambi, na uzito unakokotolewa na kompyuta. Huwa mnaniuliza nilivumiliaje kujua na kunyamaza. Ilinichoma. Baadaye Mama Anita alikwenda kuripoti mwenyewe, kwa hiari yake, na yule mpwa akakamatwa. Nililia niliposikia. Nimestaafu, na katika miaka yangu yote hakuna aliyenifungulia mlango akaja kujuta. Usingizi wangu ni mzuri.