Chokaa ya Mjomba Saidi

Juzi, kwenye harusi huko Palma, mji uliopitiwa na vita, kina mama wa kikundi cha ngoma ya tufo waliimba wimbo wa mjomba Saidi, ule usemao mikono yake ilizifundisha kuta kucheka. Watu walilia. Hata mimi nililia, nikajichukia.

Wimbo ule aliutunga mama, alasiri moja, siku ya hitima ya kaka yake. Akili ya mjomba ilikuwa ikimsumbua kwa miaka. Alichora kuta zote za nyumba yetu kwa rangi ya mashua: pweza waliovaa kofia, na mimi katikati, nimepanda mgongo wa kasa. Mama alikoroga chokaa kwenye ndoo, harufu yake ikanichoma puani, kisha akaanza kupaka huku akitafuta maneno ya wimbo kwa sauti ya chini. Niliamini ukuta nao unavishwa sanda.

“Mama, na mimi utanifunika?”

“Wewe si huyo hapo umesimama? Lete maji. Wageni wakiyaona haya watasema wazimu umo kwenye ukoo.”

Nikaleta maji. Alipoufikia uso wangu, alikuwa ameshapata kiitikio, na sauti yake ilikuwa tamu hata nikasahau kulia.

Pale harusini, mwenzangu wa chuo kikuu alifuta machozi, akaniuliza picha hizo zinazosifiwa kwenye wimbo anaweza kuziona wapi. Nikamwambia haikubaki hata moja.

“Vita?” aliuliza kwa huruma.

Nikamjibu ndiyo.