Mtihani Nilioutunga Naif

Kuna Ijumaa moja sijaitoa akilini mpaka leo, mwanangu, na nakwambia mapema kwamba hata mimi sehemu yake nyingine siielewi vizuri. Nakusimulia kama ilivyokuwa. Ukielewa kunishinda, utaniambia.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na mtaa mzima wa Naif ulinijua. Sijisifu, nasema ukweli. Shule niliishia darasa la nne kule Kwale, lakini nilipofika hapa Dubai nikabeba makatoni mgongoni, na kwa maandishi ya makatoni hayo hayo nikajifundisha kusoma sawasawa, Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu kidogo. Hakuna aliyenishika mkono. Miaka minane baadaye makatoni yalikuwa yangu na wabebaji walikuwa wangu. Basi mtu wa namna hiyo, mwanangu, akimwona mwenzake anasoma kwa kubabaika, humwona mvivu tu.

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na watu wa pwani ya Kenya, Watanzania, na Waganda wengi, wale wa kazi za ulinzi na za nyumbani. Tulikutana Ijumaa baada ya sala, ghorofani kwenye stoo yangu. Mwenyekiti nilikuwa mimi, nani mwingine? Mwaka huo tulikuwa na jambo zito la kupigia kura: mwenzetu akifa, tumrudishe kwao au tumzike huku huku? Sisi wa pwani tulitaka azikwe huku, siku hiyo hiyo, khalas. Waganda, wengi wao Wakristo, walitaka kurudishwa nyumbani wakalale karibu na wazazi wao. Nilipotazama ile stoo nikaona tutashindwa.

Hapo ndipo nilipoleta mtihani. Nikasema kura nzito kama hii apige anayeifahamu katiba yetu. Kila mtu aje mezani, asome kifungu kimoja, aeleze maana yake. Mtihani mmoja kwa wote, msahihishaji mimi. Nikachagua kifungu kifupi kabisa: "Kila mwanachama hai ana haki ya kupiga kura."

Akaja Nalongo. Kwao Uganda hilo ni jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Alikuwa mtu mzima, akifanya kazi kwa madam mmoja huko Al Garhoud. Akasoma polepole, kidole juu ya karatasi, akamaliza.

"Haya, mwanachama hai ni nani?"

"Ni mutu hajakufa."

Stoo nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

"Umeanguka, mama. Mwanachama hai ni anayehudhuria, anayeshiriki. Siyo kila anayepumua."

"Lakini chairman, mimi napumua, na nakuja kila Ijumaa."

"Yalla, anayefuata!"

Waganda karibu wote walianguka. Nalongo hakuondoka. Alisimama palepale mbele ya meza akasema, "Katiba inasema mutu akionewa, anapeleka kwa mzee wa kikundi, na kura inangoja. Mimi napeleka." Nikapekua karatasi. Kweli, kifungu kipo. Yule niliyemwambia haijui katiba alikuwa amekishika kichwani kifungu ambacho mimi nilishakisahau.

Mzee wa kikundi alikuwa Mzee Shamte, Mzanzibari, fundi cherehani wa Bur Dubai. Ijumaa iliyofuata tukaketi dukani kwake, mimi na Nalongo, yeye akishona huku anasikiliza.

Nalongo akaeleza kwamba madam wake ni Mmarekani mweusi. Bibi yake huyo madam, enzi hizo kusini mwa Marekani, alikwenda kujiandikisha apige kura, akapewa kipande cha katiba akisome na kukieleza. Alikuwa mwalimu, na karani akamwambia ameanguka. Mzungu aliyesoma kwa kuungaunga akapita kwenye meza ile ile. Watu weusi wakaenda mahakamani. Kuna mara waliambiwa mtihani wenyewe hauna kosa, maana ni wa wote. Wakarudi, wakarudi tena, mpaka mahakama ikakubali kwamba karani alikuwa anaamua apendavyo, na sheria ikaja ikaipiga marufuku mitihani ile.

Mwanangu, kichwa kiliniuma. Mwalimu aanguke kusoma? Na mahakama zile, iliyokosea ni ipi? Nikamuuliza mzee.

"Hilo kawaulize wenyewe," akasema Mzee Shamte. "Mie nna suala jengine. Rafiki yako Rashidi ulimtahini?"

"Nilimtahini."

"Akajibu nini?"

"Alisema... ni mtu aliye hai, mzee."

"Yaani?"

"Yaani hajafa."

"Akapita?"

"Akapita."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo, na hakikutoka kingine ila hiki: "Yeye namjua."

Mzee akakata uzi kwa meno. "Na wewe nani alikutahini?"

"Hakuna."

"Hebu n'oneshe katibani palipoandikwa kuwa hai ni mwenye kuhudhuria."

Nikapekua tena, mbele nyuma. Hapakuwa na maneno hayo. Nilikuwa nimeyatoa kichwani kwangu.

"Bwana wee," akasema, "hukuwa ukitafuta anayejua kusoma. Ulikuwa ukitafuta atakayekubaliana nawe. Kila mtu apige kura."

Tukapiga, na upande wangu ukashindwa. Nilinuna miezi. Mpaka leo kuna jambo linanitatiza: nilijua fika kwamba nataka kushinda, na papo hapo, wallahi, niliamini natenda haki. Yalikaaje pamoja kifuani mwa mtu mmoja? Nimejenga biashara kwa akili yangu mwenyewe, na hilo akili yangu haijalifikia.

Mwaka juzi Nalongo alifariki. Kwa kura ile alirudishwa kwao, akalala karibu na mama yake. Fomu za uwanja wa ndege nilizijaza mimi, kwa mkono wangu, na jina lake nikalikosea mara mbili.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Siku utakapokabidhiwa kuamua nani anafaa na nani hafai, usijisifu kwamba swali ni moja kwa wote. Jiulize umelitunga ukimtazama nani, na kama jibu lile lile ungelikubali kwa umpendaye. Ukionewa wewe, ishike sheria kichwani, uipeleke kwa mwenye kuamua, na akikukatalia urudi. Na ukishindwa kuuelewa moyo wako, kama mimi, basi angalau usiupe kalamu nyekundu.

Mungu akufungulie yale yaliyofungika kwangu, akupe watu wa kukuuliza kwa nini, na akujaalie ulimi wa kuwajibu ukweli. Amina.